Kulabu ya Thelathini na Mbili

Ngazi kumi na nne kushuka kutoka barabarani,
ya kumi na tano ni mimi:
kidirisha, taa ya manjano, kisahani cha bakshishi,
na nyuma yangu makoti sitini yananing'inia
kama watu waliochoka kusimama.

Jina langu Knarik. Kwa Kiarmenia, kinubi kidogo.
Gegham wa kaunta hachoki na utani wake:
“Kinubi kinatundika makoti, tarumbeta linalipwa.”
Namjibu, mtu hupewa jina kabla hajaulizwa.

Jazi siioni. Naisikia tu,
ikishachujwa na sufu.
Besi ya Mher hupenya, hutambaa sakafuni,
huniingia viatuni.
Piano hufika nusu.
Saksafoni hukwama kwenye kola za manyoya,
na Ovsanna akiishusha sauti
mimi huacha kuhesabu chenji, nikatega sikio,
nikaambulia pumzi.

Watu nawajua kwa uzito.
Koti la daktari wa meno lanukia karafuu.
La mwanafunzi ni la kuazima, mikono yampita vidole.
La yule binti mwenye mdomo mwekundu
limeshonwa kwapani kwa uzi wa rangi nyingine;
hilo nalitundika kovu likitazama ukuta.

Kila Alhamisi, saa mbili na robo, Bwana Tatevos.
La kwake la kijivu. Na jingine,
la kike, la kijani, vifungo vya pembe,
kalibeba mkononi kama anayemsindikiza mtu.
Mtu mmoja, makoti mawili.
Nampa namba mbili, thelathini na moja, thelathini na mbili.
Siulizi.
Mwaka wa kwanza nilidhani mkewe yuko njiani,
yuko kwenye simu, kasimama juu kumalizia sigara.
Gegham ndiye aliyeniambia:
bilauri mbili za aprikoti na zaatari,
moja hunyweka,
ya pili hutokwa jasho mezani hadi barafu iishe,
na mzee huipangusa kwa leso yake mwenyewe.

Alhamisi iliyopita theluji ilianza mchana,
Yerevan yote ikanyamaza.
Akashuka na koti moja.
Mkono wangu, kwa mazoea, ulishachana namba mbili.
Tukazitazama pale kwenye kisahani.

“Binti yetu kalichukua,” akasema.
“Gyumri baridi haina adabu.”
Halafu, akivua glavu, kidole kimoja kimoja:
“Limemkaa sawasawa. Sikujua kama lingemkaa.”
Akazizoa namba zote mbili, akatia mfukoni.

Usiku huo tulifurika.
Watu wa benki walikuja kumuaga mwenzao,
wakaleta na jamaa, na majirani, na baridi yote ya mjini.
Nilitundika matatu matatu, mengine nikayalaza kitini,
nikasimama mimi.
Thelathini na mbili niliiacha tupu.
Bwana mmoja, tai imelegea, akanyoosha kidole:
“Si ile pale?”
Nikamwambia, ina mwenyewe.

Sasa sikia.
Mahali lilipozoea kuning'inia lile la kijani
palibaki upenyo, mpana kama bega,
na piano ikapita hapo.
Nzima.
Hata zile noti za kidole cha mwisho,
zile ambazo kwa miaka sita nilidhani hazipigwi.
Mpigaji, sijui hata sura yake,
alikuwa akiacha mahali, akirudi, akiacha tena,
kama mtu anayeandaa meza
na hana hakika wageni ni wangapi.
Nilikuwa nimekumbatia koti la mtu.
Sikumbuki la nani.

Saa sita akarudisha namba mbili.
Nikamsaidia kuvaa, mkono wa kushoto, ule wenye ukaidi.
Alinukia aprikoti.
Zilikuwa bilauri ngapi,
Gegham anajua.
Sijamuuliza.